Meli Zilizolala Unguja: Safari ya Kuzifikia Huanza na Mwezi

Watu wengi wanaotaka kupiga mbizi kwenye meli zilizozama karibu na Mji Mkongwe, Zanzibar, huanza kupanga safari kwa kuuliza bei ya hoteli na nauli ya ndege. Ningewashauri waanze na mwezi. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa upande ule wa Unguja hukaribia mita 4. Maji yote hayo hupita kati ya mji na visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe, yakiingia mara mbili na kutoka mara mbili kila siku, yakibeba mchanga na tope laini la chini. Mpiga mbizi anayeshuka siku hiyo hung'ang'ania kamba kwa mikono miwili, hupumua kwa pupa, humaliza hewa mapema, na meli aliyoifuata kutoka Mwanza au Kisumu haioni hata akiwa juu yake.

Wavuvi wa Malindi, pale pembeni mwa bandari, wanalijua hili bila kitabu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja katikati yake, takriban siku ya nane hadi ya kumi ya mwezi wa Kiislamu, kisha tena kuanzia siku ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne. Siku hizo mkondo hulegea, tope hutua, na jicho huona mbali. Kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani kwa ajili ya saumu na sikukuu ndiyo basi kalenda ya kwanza ya safari hii. Panga siku zako za kuzama ziangukie humo, hata kama itakubidi usubiri wiki moja zaidi.

Ukishapata siku ndani ya mwezi, tafuta mwezi ndani ya mwaka. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, yaache yapite, kwa sababu mvua huteremsha tope baharini na bahari yenyewe haitabiriki. Kusi inapokolea, Juni hadi Agosti, upande wa magharibi wa Unguja hukingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo kazi haisimami, ila maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi na suti ya mpira inayofunika mwili mzima huwa ya lazima. Wakati ninaoupenda mimi ni tanga mbili, Oktoba na mwanzo wa Novemba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijashika. Wa pili ni Februari hadi mwanzo wa Machi, kaskazi inapopungua nguvu na maji yana joto la nyuzi 28 au zaidi. Mwezi wa Ramadhani simshauri mtu aliyefunga. Mwili uliopungukiwa maji huwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhuriwa na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini wakati wa kupanda juu, na hakuna meli iliyozama ambayo haiwezi kungoja hadi Shawwal.

Sasa meli. Iliyo rahisi kuliko zote, na ambayo kila mgeni wa kina angeanza nayo, ni Great Northern. Ilikuwa meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, iliyojengwa mwaka 1870 na kukwama kwenye mwamba wa Fungu, nje ya Mji Mkongwe, mwishoni mwa mwaka 1902. Imelala katika kina kisichozidi mita 12 hivi. Zaidi ya karne moja imeigeuza kuwa mwamba wa matumbawe wenye mbavu za chuma. Mkunga hutoa kichwa kwenye matundu, kangu hutafuna mwani juu ya mabamba, na jua hufika hadi chini, hivyo rangi nyingi bado zinaonekana.

Kabla ya kushuka, tembea Shangani. Jengo ambalo leo ni hoteli ya Serena lilikuwa nyumba ya kampuni ya simu za nyaya. Waya wa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, na tangu hapo habari ambayo ilingoja meli kwa wiki kadhaa iliweza kufika London siku hiyohiyo. Bei ya karafuu, amri za serikali, habari za vifo na za vita, zote zilipita katika waya mwembamba uliolala juu ya mchanga. Mtu aliyesimama mbele ya jengo lile jioni, kisha asubuhi akaishika kwa macho meli iliyokuwa ikitandaza na kutengeneza nyaya za namna hiyo, anaelewa kwa nini mabamba yale yana maana. Bila hayo ataona vyuma vyenye kutu na samaki.

Kina cha mita 12 kina faida nyingine, na hapa naomba msomaji anivumilie na hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua nani arudi salama. Kila mita 10 unazoshuka huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya la juu, na kila pumzi humeza hewa mara nne zaidi. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200. Hizo ni lita 2,400. Toa lita 600 za akiba ambayo haiguswi, zinabaki 1,800. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia lita 44 kwenye mita 12, na atakaa dakika 40 hivi. Mtu huyohuyo kwenye mita 30 atatumia lita 80, na dakika 22 zimekwisha, pamoja na za kushuka na kupanda. Mtu mwenye hofu hutumia maradufu. Na hata angekuwa na hewa ya kutosha, majedwali ya kawaida humpa dakika 20 tu kwenye mita 30 kabla mwili haujabeba naitrojeni ya kumlazimisha asimame njiani wakati wa kurudi.

Ndiyo maana cheti si karatasi ya kuonyesha marafiki. Kozi ya mwanzo inayotolewa na mashirika kama PADI humruhusu mtu kufika mita 18. Kozi ya pili humfikisha mita 30, na mpiga mbizi wa starehe hatakiwi kuvuka mita 40 kwa hali yoyote. Great Northern ni ya mwenye cheti cha kwanza. Pegasus, manowari ambayo kila mtu anaitaka, iko chini zaidi ya mita 30, na mtu aliyemaliza kozi ya kwanza juzi hana la kufanya huko, hata kama mwenye boti yuko tayari kupokea fedha zake.

Msomaji wa Kenya ana mahali pazuri pa kujifunzia kabla ya kuvuka kuja Unguja. Nje ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, imelala MV Dania, meli ya mizigo iliyobeba ng'ombe enzi zake. Ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe mwamba wa kutengenezwa. Chini yake ni karibu mita 30, lakini sehemu za juu zimeinuka vya kutosha mtu kujizoeza bila kwenda kina kirefu. Ilisafishwa kabla ya kuzamishwa, na ni shule nzuri ya kujua meli ilivyo chini ya maji: jinsi giza linavyoanzia mlangoni, jinsi nyavu zilizokatika zinavyoning'inia kwenye nguzo na kumnasa asiye na kisu, na jinsi pigo moja baya la mapezi linavyotimua tope na kufuta njia uliyoingilia. Kuingia ndani ya meli yoyote ni kozi ya peke yake, yenye kamba ya kurudia na taa mbili, na kanuni ya theluthi: theluthi ya hewa kuingia, theluthi kutoka, theluthi ya balaa. Asiyeisomea abaki nje. Nje kuna mengi ya kutosha.

Pegasus ndiyo kiini cha safari hii, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ilikuwa manowari ndogo ya Uingereza iliyoteremshwa majini mwaka 1897. Vita Kuu vilipoanza Agosti 1914 ilikuwa tayari imepitwa na wakati. Katikati ya Septemba mitambo yake ilihitaji matengenezo, na nahodha wake, John Ingles, akaitia nanga Zanzibar. Wakati huo manowari ya Ujerumani, Königsberg, mpya na yenye kasi zaidi, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilitokea nje ya bandari na kuanza kupiga. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105 inayofika mbali kuliko mizinga 8 ya Pegasus. Waingereza walijibu, lakini risasi zao ziliangukia majini kabla ya kufika. Muda mfupi baadaye mizinga yao ilinyamaza, bendera nyeupe ikapandishwa, na mchana wa siku hiyo meli ikazama. Mabaharia 38 walikufa na 55 walijeruhiwa. Watu wa Mji Mkongwe waliamshwa na mizinga ile, na walikuwa na sababu ya kuitambua sauti yake. Miaka 18 kabla ya hapo, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilikuwa zimelipiga kasri la Sultani Khalid bin Barghash na kuizamisha Glasgow, meli ya kifalme, mbele ya mji. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji hadi meli hiyo ilipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Aliyekuwa mtu mzima Forodhani mwaka 1914 alikuwa amekwishaona manowari zikipiga mara mbili katika maisha yake.

Usitarajie kukuta meli iliyosimama na mizinga ikiwa imeelekezwa mbele. Mizinga iliopolewa mapema na kurudishwa vitani nchi kavu. Mwaka 1955 mabaki yaliuzwa kama chuma chakavu, na sehemu kubwa ikakatwa. Kilichobaki ni vipande vilivyotawanyika kwenye mchanga, na juu yake makundi ya mizia yanayozunguka polepole. Kwenye kina hicho nyekundu imekwishapotea zamani, kila kitu ni buluu na kijivu, na bila taa kutu haina rangi. Hapo pia ndipo naitrojeni huanza kulevya. Mtu hujisikia mjanja, husahau kutazama saa, husoma kipimo cha hewa mara mbili bila kukielewa. Dawa yake ni kupanda mita chache, si kuvumilia. Anayefikiria kutumia naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, yenye oksijeni asilimia 32 ajue kuwa haifai kuvuka mita 33 hivi, hivyo ulizia kina halisi cha mahali mtakaposhuka kabla ya mtungi kujazwa.

Ushauri wangu ni kutenga siku nzima kabla ya mbizi ya Pegasus kwa mambo ya nchi kavu. Asubuhi panda mashua uende Chapwani, kisiwa kidogo chenye makaburi ambamo baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa, karibu na makaburi ya mabaharia waliokuja kupambana na biashara ya utumwa. Soma umri wao. Alasiri nenda Beit el Amani, jengo la kuba lililofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya vita ile. Kisha soma. Mtafiti Kevin Patience ameandika vitabu kuhusu Pegasus na Königsberg, na picha zilizomo hukuwezesha kuitambua sehemu ya meli unapoiona imelala ubavu. Dakika 20 za chini ya maji ni chache mno kuanza kujiuliza unatazama nini.

Na mwenye muda zaidi ya wiki moja asiishie Unguja, kwa sababu hadithi ya Pegasus haikuishia hapo. Baada ya shambulio, Königsberg ilirudi Rufiji ikiwa na mashine mbovu. Sehemu za mitambo yake zilivutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, na waliozivuta, kwa mikono na mabega, katika joto na matope, walikuwa watu wa nchi hii. Vitabu vingi vya vita vinataja kazi hiyo kwa sentensi moja kisha vinarudi kwa maofisa. Mimi naona ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika kisa kizima. Waingereza waliziba midomo ya mto, wakaleta kutoka ng'ambo meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia na kuwaelekeza wapiga mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa vibaya na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikavutwa tena na watu wetu hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kutumika katika vita vya nchi kavu vilivyomaliza vyakula na watu kutoka pwani hadi mpaka wa Msumbiji.

Rufiji hakuna pa kupiga mbizi. Mabaki ya Königsberg yalivunjwavunjwa kwa ajili ya chuma na yaliyobaki yakamezwa na tope miaka ya 1960, na mto una mamba na viboko. Lakini safari ya boti katika mikoko hadi upande wa Salale inafaa kabisa kuingizwa katika mpango, kwa sababu ukiiona njia ile ya maji, nyembamba na yenye kona, ndipo unaelewa jinsi meli kubwa namna ile ilivyoweza kujificha kwa miezi. Halafu Mombasa. Nje ya kuta za Fort Jesus kuna mizinga miwili iliyowekwa karibu karibu, mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg. Adui wawili wa asubuhi ya Zanzibar wanashinda juani pamoja. Ndani ya makumbusho ya ngome hiyo utaona pia vitu vilivyotoka Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697, wakati wa kuzingirwa na Waomani. Wanaakiolojia walichimba meli hiyo kati ya mwaka 1977 na 1980, wakipima kila ubao kabla ya kuugusa. Tofauti kati ya kazi ile na kuokota kisahani ukakipeleke sebuleni kwako ni tofauti kati ya elimu na wizi.

Ndugu zetu walioko Oman wana ncha ya tatu ya hadithi hii. Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, Königsberg iliikamata City of Winchester nje ya pwani ya Uarabuni, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita ile, ikiwa na shehena ya chai. Wajerumani walichukua makaa yake na kuizamisha kwenye visiwa vya Hallaniyat, kusini mwa Oman. Bado iko huko, na wapiga mbizi huifikia kwa boti za kulala baharini. Mtu wa Maskati mwenye jamaa Unguja anaweza kupanga mbizi mbili katika mwaka mmoja, mwanzo na katikati ya safari ya manowari moja, na sijui njia bora zaidi ya kuisoma Bahari ya Hindi.

Yote haya yamezungumzwa kana kwamba meli iliyozama ni jambo la kupendeza. Kwa mtu wa Pemba na Unguja sivyo ilivyo, na mgeni anayepanga safari anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kuulizia meli zilizozama kwenye baraza za kahawa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, upande wa Nungwi, ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe. Kuna familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika. Usiwaulize watu kama panafikika. Usitanie. Na unaposhuka Pegasus, kumbuka kuwa wale 38 nao walikuwa na mama zao. Usichukue kitu, usikalie kitu, usiandike jina lako kwenye kutu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu kilichokaa chini ya maji kwa miaka 100 kuwa urithi, na unataka kiachwe mahali kilipo kwanza kabla ya wazo lingine lolote. Pegasus ilivuka umri huo mwaka 2014.

Kuhusu kituo cha kupiga mbizi, bei isiwe swali la kwanza. Uliza kama kuna oksijeni ndani ya boti na nani amefunzwa kuitumia. Uliza chumba cha shinikizo cha kutibu wapiga mbizi kilicho karibu ni kipi, na kama kinafanya kazi wiki hii. Ukijibiwa kwa kusitasita, ondoka. Uliza mwongozaji mmoja huchukua watu wangapi, na ameshuka Pegasus mara ya mwisho lini. Kituo kizuri hakitakupeleka huko siku ya kwanza. Kitakupima kwanza kwenye maji ya kina kifupi, kitatazama unavyopumua, na kama bahari imechafuka kitakurudishia fedha au kukupa siku nyingine. Nunua bima inayotaja kupiga mbizi na kina chake kwa maandishi, kwa sababu bima nyingi za kawaida za safari huacha jambo hilo nje. Mwenye pumu, maradhi ya moyo, masikio yanayouma au mimba aonane na daktari nyumbani, na mjamzito asishuke kabisa. Vijana wa pwani wanaozama kutafuta majongoo ya bahari kwa mitungi bila mafunzo wanatuonyesha gharama ya kupanda juu haraka: miguu iliyokufa ganzi, na wengine hawatembei tena. Panda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha simama dakika 3 kwenye mita 5, kila mara, hata kama unaona huna haja.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa nchi za mbali huligusia kwa ndege tu, na kwetu lina sura nyingine. Baada ya mbizi nyingi za siku kadhaa, mtu hatakiwi kupanda ndege kwa saa 18 angalau. Wengi wanalijua. Wachache wanakumbuka kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Arusha karibu mita 1,400. Aliyepiga mbizi Bamburi asubuhi kisha akapanda treni ya SGR alasiri amejipandisha mlimani kwa saa tano akiwa na naitrojeni mwilini. Anayetoka Unguja kwa boti kwenda Dar es Salaam hana tatizo, bahari ni bahari. Tatizo ni basi la usiku la kwenda Mbeya. Weka siku ya mwisho ya safari iwe ya kutembea tu, Forodhani, sokoni Darajani, kwa jamaa. Ni siku nzuri, na damu yako inaihitaji.

Natamani pale Forodhani, mkabala na maji ambamo Glasgow ilizamia, pawe na bango la Kiswahili linaloeleza meli zilizo chini, na majina ya vijiji vilivyovuta mizinga ya Rufiji kama yanaweza kupatikana. Natamani vituo vya kupiga mbizi vitenge siku za bei nafuu kwa wanafunzi wa historia wa Zanzibar. Waongozaji wetu wengi wanayajua maji yale kuliko mgeni yeyote, lakini watoto wa shule walio umbali wa kutembea kutoka bandarini wanajifunza Pegasus kwa mstari mmoja, au hawajifunzi kabisa. Kikwazo cha kwanza ni kidogo kuliko tunavyodhani. Ni kuogelea. Huko Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamejistiri, na suti ya mpira yenyewe hufunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundo vya miguu, kwa hiyo heshima ya mtu si sababu ya kubaki ufukweni.

Kwa hiyo ewe msomaji, kama unataka kuifikia Pegasus tanga mbili ijayo, weka alama kwenye siku za maji mafu za Oktoba, kisha anza kuogelea wiki hii. Kozi ya kwanza inakutaka uogelee mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila msaada. Asiyeweza hayo mawili hapewi cheti.